Picha ya ukutani isijikunje: uprinti nyumbani au studio, uibandike yote au uiache ining'inie?

Mvua za Aprili 2024, zile zilizoleta mafuriko Mathare hapa Nairobi, kwetu mtaa wa Umoja hazikuingia ndani ya nyumba lakini zilinifunza kitu. Picha ya babu iliyokuwa sebuleni, saizi ya A3, niliiweka fremu Januari ikiwa imenyooka vizuri sana, na kufika katikati ya Aprili ilikuwa na mawimbi. Yalianza kidogo pale chini, alafu yakapanda, mpaka ukikaa kwa kochi la upande wa dirisha unaona shavu la babu limevutika. Nikaifungua nikidhani maji yamepenya kutoka ukutani, kumbe hakuna hata tone. Karatasi yenyewe ndio ilikuwa imetanuka, na mimi nilikuwa nimeibana pembe zote nne kwa masking tepu, sasa haikuwa na pa kwenda ila kuinuka katikati.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila njia, kwa picha zangu na za watu wa familia, maana ukishasema unajua kuweka fremu kila shangazi anakuletea bahasha. Kwa hivyo hapa nalinganisha vile naona mimi, na nitasema wazi ningechagua gani na kwa picha gani.

Lakini kwanza elewa karatasi, maana bila hiyo utabadilisha fremu kumi na shida ibaki palepale. Karatasi ni nyuzi za mti au pamba, na nyuzi hunywa unyevu kutoka kwa hewa hata kama hakuna maji yamemwagika popote. Zikinywa zinatanuka, hewa ikikauka zinanywea. Tena hazitanuki sawa pande zote, zinatanuka zaidi upande ule unaokatiza nyuzi kuliko ule unaofuata nyuzi, ndio maana mawimbi mara nyingi yanaelekea upande mmoja. Karatasi ya picha inaongeza shida yake, maana ina tabaka: mbele kuna ule mpako wa kushika wino, na nyingi za kung'aa zina plastiki mbele na nyuma na karatasi imewekwa katikati kama nyama ya sambusa. Tabaka hizo hazitanuki wala kunywea kwa kipimo kimoja. Januari na Februari Nairobi ikikauka, unaona picha inajikunja kuelekea upande wenye picha. Mvua ndefu za Machi mpaka Mei zikija, inalegea ama inajipinda kinyume. Alafu baridi ya Julai, alafu mvua fupi za Oktoba mpaka Desemba. Karatasi yako haitulii mwaka mzima.

Sasa, ukijua hivyo unaona njia salama ni mbili tu. Ama uiache karatasi huru, iwe na nafasi ya kutanuka na kurudi, ama uishike yote, kila sentimita, isiweze kusonga kabisa. Ile ya katikati, kushika pembe nne ama kuzungushia tepu pande zote, ndio inaleta mawimbi, na ndio wengi wetu tunafanya.

Kuprinti nyumbani au kupeleka studio

Nitaanza na hii kwa sababu watu huuliza sana, ingawa kwa habari ya kunyooka sio yenye uzito zaidi.

Ukiprinti nyumbani unachagua mwenyewe karatasi, unaacha ukingo mweupe unaotaka, na la maana kabisa kwangu, rangi ya ngozi inabaki yako. Nimeshapeleka picha za harusi ya kakangu mahali fulani mjini zikarudi watu wote wamepauka kama wamepakwa unga, sababu mashine iliachwa ijirekebishe yenyewe na ikaona ngozi nyeusi ni kosa la mwanga. Iliniuma. Nyumbani ningeprinti moja ndogo, nione, nirekebishe, nirudie. Kama unaenda studio, sema kabisa kabla hawajaanza: msiguse rangi, printeni vile iko. Na uombe kipande kidogo cha majaribio kama picha ni kubwa.

Upande wa studio, kama bado wanatumia ile njia ya kemikali, yaani karatasi inapigwa mwanga kisha inasafishwa kwa dawa na kukaushwa na mashine, picha inatoka imekauka kabisa na mara nyingi imenyooka kuliko ya nyumbani. Printa ya wino inamwaga maji ndani ya karatasi, hata kama ukigusa unaona imekauka. Studio nyingine siku hizi nao wanatumia wino tu kama wewe, kwa hivyo uliza: hii mnaprinti kwa wino ama kwa kemikali? Na wakitoa kutoka kwa roli kubwa, picha itakuja na mkunjo wa roli. Usiogope, huo unatoka.

Printa za tangi, zile unazojaza wino wa chupa, za rangi nne zinatosha kwa picha ya kawaida. Za rangi sita, kama Epson L805 ya A4 au L1800 ya A3, zinatoa ngozi na anga laini zaidi. Lakini nyingi za hizi wino wake ni wa rangi iliyoyeyuka kwenye maji, sio wa chembechembe. Wa chembechembe unavumilia mwanga na unyevu muda mrefu zaidi, huu mwingine unapauka mapema ukikaa kwenye jua na unaweza kuchuja ukipata unyevu. Nairobi tuko juu, karibu mita 1,700 na kitu, na tuko karibu na ikweta, jua letu ni kali hata siku ya baridi. Usiweke picha ya wino ikitazamana na dirisha. Kuhusu wino wa bei rahisi wa chupa zisizo na jina, mimi nautumia kwa assignment za watoto tu, picha ya kukaa ukutani hapana.

Hukumu yangu: A4 kushuka chini, nyumbani, bora karatasi iwe nzito. A3 kupanda juu, studio, isipokuwa uko na printa kubwa tayari. Kununua printa ya A3 kwa sababu ya picha tatu kwa mwaka ni kupoteza pesa, na zikikaa bila kutumika vichwa vyake vinaziba.

Karatasi haraka haraka: ya photocopy ya gramu 80 sahau, inafanya mawimbi wino ukiigusa tu. Zile nyepesi za gramu 120 hivi ni za kadi na vipeperushi. Kwa ukutani nenda gramu 230 mpaka 260 ya kung'aa ama nusu kung'aa. Zile za pamba zisizong'aa za gramu 300 ni nzuri ajabu, haziakisi taa, na uso wa mtu mzima unakaa kwa heshima, lakini hazina plastiki ya kuzikinga kwa hivyo zinanywa unyevu zaidi, na ukizitumia lazima uziache huru. Chochote utakachotumia, acha ukingo mweupe wa sentimita 2 ama 3 pande zote. Utaniambia asante ukifika kwa kuweka fremu.

Na ngoja saa 24. Picha ikitoka kwa printa iache kwa meza, funika na karatasi safi ya kawaida, siku nzima. Ukiiweka nyuma ya kioo mapema, vile vimiminika vya wino vinavyoendelea kutoka polepole vinashika kioo kwa ndani, unaona ukungu wa mafuta mafuta umechora umbo la picha, na itabidi ufungue tena usafishe.

Kuiacha ining'inie au kuibandika yote

Hapa ndipo picha inanyooka ama inaharibika, kwa hivyo sitaharakisha.

Kuining'iniza maana yake ni picha imeshikwa juu tu, upande wa nyuma, kwa vipande viwili vidogo vya karatasi, kama nguo iliyoanikwa kwa kamba. Pande za kushoto, kulia na chini hazijashikwa na kitu. Mbele yake kuna kadibodi nene iliyokatwa dirisha katikati, inayofunika ukingo wa picha kama milimita 5 kila upande, ikiizuia isitoke mbele lakini bila kuibana. Unyevu ukija karatasi inashuka chini kidogo na kutanuka pembeni, ukiisha inarudi, wewe ukiwa umekaa huoni chochote. Inafunika ule ukingo mweupe niliosema, sio picha yenyewe.

Vipande vya kushikia viwe vya karatasi nyepesi kuliko picha yenyewe, ili siku fremu ikianguka kipande ndio kipasuke na sio picha. Gundi nzuri kabisa ni ile ya wanga wa ngano iliyopikwa, wale tuliotengeneza vishada tukiwa watoto tunaijua, unga na maji kwa moto mdogo mpaka iwe kama uji mzito. Wataalamu wa makumbusho hutumia ya wanga uliosafishwa na karatasi ya Kijapani, lakini wazo ni lile lile: gundi inayotoka kwa maji. Kwa karatasi zenye mgongo wa plastiki wanga haushiki vizuri, na hapo mimi natumia pembe. Kata vipande vya karatasi nyeupe nzuri, vikunje kama bahasha ndogo za pembetatu, ingiza pembe za picha ndani, alafu gundi iende kwa hizo pembe na ubao wa nyuma, isiguse picha hata kidogo. Acha milimita 1 ama 2 za kuchezea. Ni kazi ya dakika kumi na tano na picha ikitolewa baada ya miaka ishirini haina alama.

Usitumie selotepu wala masking tepu. Gundi yake inakuwa njano, inapenya mpaka mbele, na ikizeeka inaachia picha inaanguka ndani ya fremu. Ya babu iliniachia madoa manne ya kahawia nyuma.

Kubandika yote ni kitu kingine. Hapa unachukua ubao ulionyooka, unaupaka ama kuuwekea gundi kila mahali, na picha inalala juu yake kama rangi ukutani. Ikifanywa sawa inanyooka kuliko njia yoyote, hata taa ya upande haionyeshi kasoro. Kwa mabango makubwa na picha za kisasa za kung'aa zinazoonyesha kila kidonda, hakuna inayoishinda. Shida ni tatu. Hairudi nyuma, ukikosea umepoteza picha. Pili, gundi ya kupuliza ya mkebe inaachia baada ya muda, hasa joto na unyevu vikibadilishana, na unapata malengelenge. Filamu ya gundi ya baridi, ile inayokuja kwa roli ukitoa ganda, inashika sawasawa zaidi na hainyunyizi maji kwa karatasi. Tatu, na hii ndio watu hawaambiwi, ubao mwembamba wenye karatasi upande mmoja tu unapinda wenyewe, kwa sababu karatasi ikinywea inauvuta. Fundi wa mbao anayebandika veneer, lile ganda jembamba la mbao, anajua hii, anabandika pande mbili. Wewe pia bandika karatasi ya aina hiyo hiyo upande wa nyuma, zivutane sawa.

Na tafadhali pasi ya nguo iwe mbali na picha. Nimeona mtu akijaribu kunyoosha picha ya kung'aa kwa pasi, ile plastiki ya mbele ikayeyuka ikashika kitambaa, na ilikuwa picha pekee ya mamake akiwa msichana.

Kwa hivyo nachagua vipi? Najiuliza swali moja, hii picha nikiipoteza kesho nitaprinti ingine? Kama faili iko kwa simu na kwa kompyuta, bandika yote ukitaka, ikiharibika utarudia. Kama ni ile ya studio ya zamani, ya nyanya na kanga yake, hakuna negativu, hakuna nakala, usiibandike kwa chochote. Tena hiyo afadhali uiskani, uprinti nakala kwa ukutani, na ya asili ilale kwa bahasha ya karatasi ndani ya sanduku mahali pakavu.

Maunti ya MDF, fremu ya kioo, ama kanvasi

Ukiingia duka lolote la picha mjini ukasema unataka kuweka picha ukutani watakuuliza kwanza: maunti ama fremu? Maunti ni ile picha imelaminiwa na kubandikwa kwa MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, pembeni imepakwa rangi nyeusi, haina kioo. Ni nyepesi, haina kitu cha kuvunjika nyumba ikiwa na watoto, unafuta vumbi kwa kitambaa, na siku ya kuhama haikusumbui. Kwa kunyooka iko vizuri kwa sababu imebandikwa yote na MDF ni nene. Lakini MDF ikipata maji inavimba kama mkate kwa chai na hairudi, na pembeni mwa picha panaanza kuinuka ikiwa karibu na jiko ama kwa jua. Ukinunua, pitisha ukucha polepole kwa ukingo wote. Kama kuna mahali panashika ukucha, hapo ndipo itaanza kubanduka. Niliwahi kuuliza fundi mmoja mbona za wengine zinadumu, akaniambia, "Dada, wengine wanalamini wino haujakauka, wateja wana haraka." Nadhani alisema kweli, na sisi wateja tuache kusimama mlangoni tukihesabu dakika.

Fremu ya kioo ndio ninayoipenda, kwa picha zisizorudi na kwa karatasi za pamba hakuna mbadala. Ni nzito na inaweza kuvunjika, lakini inafunguka. Unaweza kurekebisha, kubadilisha, kusafisha. Fremu za mitumba unazipata masoko ya Gikomba na Toi, nyingine za mbao ngumu nzuri kuliko mpya, na hata kama picha iliyo ndani huitaki, ile kadibodi ya dirisha inaweza kukufaa. Kitu kimoja tu: kadibodi ikiwa na mstari wa kahawia pale ilipokatwa, ina asidi, itachafua picha yako, iache.

Kanvasi sitasema mengi. Haifanyi mawimbi kama karatasi, inalegea, na kuna vile vikabari vidogo vya mbao vya kugonga kwa pembe za nyuma inyooke tena. Lakini sura za watu zinapoteza ukali kwa ule mfumo wa nyuzi. Kwa picha ya mandhari sawa, kwa uso wa mtu sitaki.

Kioo, mgongo, na ukuta wenyewe

Kioo cha milimita 2 kinatosha mpaka A3 na ni rahisi kwa bei kuliko Perspex, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo. Perspex ni nyepesi na haivunjiki ovyo, kwa picha kubwa juu ya kitanda cha mtoto ni yenyewe, lakini inakwaruzika, inavuta vumbi kama sumaku, na kipande chembamba kikubwa kinapinda na kusukuma picha. Vyovyote vile picha isiguse kioo. Unyevu ukiingia katikati, ule mpako unalainika na kunata, na kutoa picha iliyoshika kioo bila kuichana ni kazi ngumu sana. Kadibodi ya dirisha inakupa ile nafasi. Kama hutaki dirisha, weka vipande vyembamba vya mbao ama kadibodi chini ya mdomo wa fremu, vikitenganisha kioo na picha.

Nyuma, hadbodi ya kahawia inayokuja na fremu nyingi inanywa unyevu na ina asidi, lakini huna haja ya kuitupa, weka katikati yake na picha ubao mwingine safi, fomubodi (ubao mwepesi wa povu katikati ya karatasi mbili) ya milimita 5 ni nzuri, ya milimita 3 inajipinda ikiwa kubwa. Kila kitu kinachoingia kiwe kidogo kuliko fremu kwa milimita 3 hivi, kisibanane. Siku moja kabla ya kufunga, weka picha, kadibodi, fomubodi, vyote chumba kimoja vizoeane na hewa. Ukimaliza ziba mgongo kwa karatasi ya kaki na gundi, ukingo wote. Haizuii unyevu kabisa, inaupunguza kasi, na inazuia mende na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokula karatasi.

Ukuta nao uangalie. Nyumba zetu za mawe, hasa za chini na kuta za nje, zinabaki na unyevu wiki nyingi baada ya mvua. Gusa ukuta na mgongo wa mkono, ukihisi baridi ya maji, picha iende ukuta wa ndani. Na popote itakapoenda, bandika vipande vidogo vya raba ama vizibo vya chupa vilivyokatwa kwa pembe mbili za chini nyuma ya fremu, hewa ipite.

Kama yako tayari ina mawimbi, fungua fremu siku kavu, toa tepu polepole ukivuta sambamba na picha na sio kwenda juu, iache huru mezani siku mbili ama tatu. Alafu ilaze katikati ya karatasi mbili safi, juu yake ubao ulionyooka na vitabu vizito, siku mbili. Ya roli izungushe kinyume kwa bomba pana na karatasi safi katikati, dakika chache tu, usiende nayo usiku mzima itageuka upande wa pili. Ya babu ilichukua siku nne. Mawimbi yalitoka, yale madoa manne hayakutoka, yako nyuma ya kadibodi. Nikaitengenezea pembe za karatasi na kuihamishia ukuta wa korido, na mvua zilizofuata shavu lake lilibaki mahali pake.